Tupeane uzoefu: Nice hadi Cinque Terre kwa treni, mwanzo wa kiangazi

Msafiri wa Tanga

Wakuu, salaam. Wengi wanaouliza kuhusu pwani ya Mediterania wanataka kuingiza Barcelona, Nice, Roma na Athens ndani ya siku 10. Ukifanya hivyo utakumbuka mabegi na viwanja vya ndege tu. Hapa tukusanye ya kipande kimoja kinachomfaa asiye na haraka: kutoka Nice, Ufaransa, hadi vijiji vya Cinque Terre, Italia.

Wakati mzuri ni wiki ya mwisho ya Mei hadi katikati ya Juni. Maji ya bahari yanakuwa kwenye nyuzi 20 hivi, baridi kwa aliyezoea Bahari ya Hindi, lakini mchana unatembea bila kuchomwa na jua. Julai na Agosti wenyeji nao wako likizo, vyumba vinapanda bei. Angalieni na tarehe 2 Juni, Sikukuu ya Jamhuri ya Italia: ikigusana na wikendi, pwani hujaa.

Kwa usiku 10, lala sehemu 3 tu: usiku 3 Nice, 4 Sanremo, 3 Levanto, mji jirani wa Cinque Terre. Tafadhali wekeni hatua na mahali panapokwama, ili anayepanga apate cha kushika.

Bint Kisauni

Nianze na viza, maana ndiyo inayoangusha wengi. Kwa mpango huo usiku 3 ni Ufaransa na 7 ni Italia, kwa hiyo maombi yanapelekwa Italia, hata kama ndege inatua Nice. Nchi utakayokaa siku nyingi ndiyo unayoiomba. Siku zikilingana, unaomba ile unayoingia kwanza.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje Mei, nafasi za miadi huisha mapema. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza hii moja. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibakiwe na miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko.

Panapoharibika: hoteli, bima na ndege zina tarehe zisizosomana, au akaunti ya benki imejazwa ghafla wiki moja kabla. Na ukishapewa viza soma vitu viwili, tarehe za uhalali na idadi ya siku. Stika inaweza kuonyesha mwezi mzima huku siku ulizopewa ni 12.

Fundi Reli

Kutoka stesheni ya Nice-Ville, treni ya mkoa inafika Ventimiglia, mji wa mpakani upande wa Italia, kwa kama dakika 50, ikipitia Villefranche, Monaco na Menton. Kaa upande wa kulia, bahari iko huko. Ventimiglia unashuka na kupanda treni ya Italia, ambayo ni shirika jingine na tiketi nyingine, basi jiachie dakika 40.

Treni za Italia zinazoitwa Regionale hazina namba ya kiti na bei haipandi ukichelewa kununua, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua miezi kabla. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Ya simu nayo inathibitishwa kwenye simu kabla ya kupanda. Ukisahau, mkaguzi anakutoza faini hata kama umelipa nauli.

Kwa nini treni zinachelewa? Kati ya Andora na Finale Ligure reli bado ni ya njia moja. Treni moja ikikwama, ya upande wa pili inasubiri kupishana. Kama una treni ya kuunganisha Genova, acha saa nzima katikati.

Jingine ambalo ramani za zamani haziwaambii: reli imehamishwa. Stesheni ya Sanremo tangu 2001 iko chini ya ardhi, na kutoka jukwaani hadi mlango wa nje ni mwendo mrefu ndani ya handaki. Stesheni za Imperia na Diano nazo zilisogezwa bara mwaka 2016. Pima umbali kabla ya kulipia chumba "karibu na stesheni".

Lakini hapo ndipo penye uzuri wa safari yote. Njia ya reli ya zamani imegeuzwa barabara ya baiskeli, kilomita 24 kutoka Ospedaletti hadi San Lorenzo al Mare, kando ya maji. Haina vilima, kwa sababu treni haipandi vilima. Kodi baiskeli Sanremo. Ukielekea Ospedaletti unapita handaki la Capo Nero, zaidi ya kilomita moja na nusu, na ukutani yameandikwa majina ya washindi wa mbio za baiskeli za Milano–Sanremo. Humo ni baridi hata Juni, jaketi jepesi liwe kwenye kikapu.

Ukisikia *sciopero*, ni mgomo. Siku za kazi treni za mkoa zenye uhakika ni za saa 12 hadi 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi 3 usiku.

Mwisho: ukirudi Nice, polisi wa Ufaransa hukagua treni kwenye stesheni ya mpakani ya Menton Garavan. Pasipoti yenyewe mkononi, siyo picha yake.

Mwalimu Juma

Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii huko. Nunua adapta ya pini mbili nyembamba za mviringo, inaingia Ufaransa na Italia. Ile nene inakataa kwenye soketi nyingi za Italia.

Mama Nasra

Ufukwe wa Nice ni kokoto, siyo mchanga. Bila viatu vya majini utaumia miguu. Upande wa Italia sehemu kubwa ya ufukwe ni ya kulipia mwavuli na vitanda kwa siku, na mstari wa mbele ni ghali zaidi. Tafuta kibao cha *spiaggia libera*, hapo ni bure.

Kwa anayechunga halali, farinata haina wasiwasi: unga uleule wa dengu wa bajia, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inaokwa kwenye sinia pana la shaba mpaka juu ikaukie na ndani ibaki laini. Nice wanaiita *socca*. Ile mikate ya *focaccia* uliza kwanza, wengine hutia mafuta ya nguruwe, *strutto*. Na jua la Juni huzama saa 3 na robo usiku, pangeni mapema sala ya Magharibi na chakula.

Bint Kisauni

Cinque Terre kwa wazee wenye magoti mabovu inawezekana?

Fundi Reli

Inawezekana, dada. Monterosso ndicho kijiji tambarare kuliko vyote. Corniglia kiko juu ya mwamba, ngazi karibu 380 kutoka stesheni; subirini basi dogo. Njia ya miguu ya Via dell'Amore, iliyofunguliwa tena 2024 baada ya kufungwa tangu 2012 kwa mawe kuporomoka, ni fupi na haina mpando mkali, ila inataka tiketi yenye saa maalumu na inaanzia kijiji cha Riomaggiore. Njia nyingine za milimani haziruhusu ndala, kuna faini.

Boti pia zipo, isipokuwa Corniglia, hakina gati. Mawimbi yakipanda hazitoki hata jua likiwaka, kwa hiyo siku ya boti iwe ya kwanza kati ya zile 3 za Levanto, ili ikiahirishwa mbaki na nyingine mbili.