Mahindi yameungua na baridi mwezi wa 7, udongo wa majivu ya volkano huku Oregon unanishinda

MtotoWaTukuyu
Wakuu heshima yenu. Mimi nipo Marekani jimbo la Oregon, ila siyo upande wa Portland wanakokaa wabongo na wakongo wengi, mimi nimekuja huku ndani jangwani karibu na Fort Rock na Christmas Valley, mwinuko kama mita 1,300 hivi. Nilinunua ekari 5 kwa bei ya kutupwa, kisima kipo, kibanda kipo, nikajisemea mimi nimezaliwa Tukuyu kwenye udongo wa volkano, jembe nalijua, hapa napiga viazi na mahindi nile vitu vyangu.

Sasa wakuu huu udongo sijauelewa. Ni wa kijivu, mwepesi, ukitembea mguu unazama hadi kifundo na vumbi linapanda kama unga wa mashineni. Nilichota konzi nikamwaga kwenye ndoo ya maji, nusu ya punje zikaelea! Mwagilia saa 4 asubuhi, saa 8 mchana juu pakavu kabisa kama hujawahi kufika. Nikaweka matandazo ya majani makavu, unene wa kiganja, kama mzee alivyotufundisha. Mahindi yakafika magotini, nikawa napiga picha natuma nyumbani. Katikati ya Julai, mchana ulikuwa jua la kuchoma kabisa, usiku sakitu, ile baridi ya kugandisha, ikapiga, asubuhi majani yote meusi kama yamepitiwa na moto. JULAI wakuu. Cha kushangaza jirani yangu viazi vyake vimeungua ncha tu na yeye hana matandazo hata unyasi mmoja.

Nimekosea wapi? Nasubiri.

Kamwene77
Pole mkuu. Ongeza matandazo, weka na samadi ya kutosha, udongo wa volkano haujawahi kumwangusha mtu. Uko mwepesi wa kukata tamaa tu 😀

BwanaUdongo
Kamwene77 usimpoteze mwenzio, matandazo ndiyo yaliyomuua.

Mkuu wa Tukuyu, nimefanya kazi na udongo miaka mingi na huo wa kwako naufahamu. Majivu ya Tukuyu na hayo ya kwako ni ndugu wa baba mmoja lakini wamelelewa tofauti kabisa. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, yale majivu yameoza yakawa udongo mweusi wenye mboji. Hapo ulipo ni kama 250, tena nyingi inakuja kipindi cha baridi na theluji wakati hakuna kinachoota. Majivu yako yalitoka mlima Mazama ulipolipuka kama miaka 7,700 iliyopita, ukatema mpaka kilele kikadidimia, na lile shimo ndilo leo linaitwa Crater Lake, ziwa lenye kina kuliko yote Marekani, mita 594. Tangu siku hiyo majivu yapo hapo, hayajaoza kiasi cha maana. Kwa hiyo unacholima ni vioo vilivyosagwa pamoja na pamisi, lile jiwe la kusugulia visigino, ndiyo maana punje zinaelea, ndani zimejaa vitundu vya hewa.

Na hivyo vitundu ndiyo habari yenyewe ya sakitu. Hewa haipitishi joto vizuri. Udongo wa kawaida mchana unakula joto la jua unaliweka chini, usiku unalirudisha kidogo kidogo kwa mimea. Wa kwako ukikauka unafanana na godoro, jua linachoma nusu inchi ya juu tu, likizama hakuna akiba, juu panapoa haraka kupita hata hewa ya juu yake. Halafu wewe ukaja ukaweka godoro la pili juu ya godoro! Jirani yako udongo wake uko wazi, na kama alimwagilia mchana ule ndiyo kabisa, maji yanajaza vile vitundu na kupitisha joto. Siku ukisikia baridi inakuja sogeza matandazo pembeni, mwagilia mchana, jioni funika mimea kwa kitambaa.

MtotoWaTukuyu
Dah. Kumbe nilijichimbia mwenyewe. Ni kweli jirani aliwasha maji mchana ule, mimi nikamcheka moyoni nikasema huyu mzungu anapoteza maji.

Wa_Gilgil
Niaje wasee. Mimi ni wa Gilgil, hapo karibu na Kariandusi wanakochimba dayatomaiti, ile mawe nyeupe nyepesi kama chaki. Hiyo ilikuwa ziwa zamani, hayo ni maganda ya mwani, mimea midogo sana ya majini, ilikufa ikalala chini. Sasa swali langu, umeshachimba shimo ukaona nini iko chini? Kwetu unaeza pata juu ni majivu poa, futi mbili chini ni hiyo nyeupe na mizizi inakataa kabisa kuingia. Huku juu ya ardhi hautajua kitu, wewe chimba.

BwanaUdongo
Wa_Gilgil umegonga penyewe. Hilo bonde la Fort Rock lote lilikuwa ziwa enzi za barafu, makumi ya mita za maji. Fort Rock yenyewe ni volkano iliyolipukia ndani ya maji hayo, na kwenye kuta zake unaona ngazi iliyochongwa na mawimbi. Ziwa lilikauka likiacha matope, dayatomaiti na magadi, majivu ya Mazama yakaja kulala juu yake baadaye. Kwenye pango la pale jirani mwanaakiolojia Luther Cressman alichimba mwaka 1938 akakuta chini ya majivu ndara kibao zilizosukwa kwa magome ya sejibrashi, kichaka cha huko jangwani, zina zaidi ya miaka 9,000. Watu walikuwepo kabla udongo wako haujafika mkuu 😂

Ila turudi shambani. Kabla hujachimba angalia vichaka. Palipoota sejibrashi kubwa, kile kichaka cha kijivu chenye harufu kali, imefika kifuani kwako, hapo udongo una kina na hauna chumvi nyingi. Palipo na grizwudi, kichaka cha miiba chenye vijani vinene vya kijani kibichi, achana napo, ni magadi hayo. Halafu chimba. Dondoshea siki kwenye udongo wa chini, ukitoa povu ujue chokaa ipo. Chukua mwingine tikisa kwenye chupa ya maji yaliyotolewa chumvi, ukiacha siku nzima na maji bado ya tope, sodiamu inakusumbua, hapo utahitaji jasi na maji mengi ya kusafisha.

MamaKaroti
Wanangu habari za leo, mimi nipo Boise Idaho, nalima bustani na wamama wenzangu wa Kongo na Burundi. Mdogo wangu mahindi usahau, au panda ya muda mfupi kabisa ndani ya kitalu nyumba. Panda vitunguu saumu mwezi wa 10 vitalala chini ya theluji vitaamka vyenyewe. Karoti kwenye udongo mwepesi namna hiyo zinanyooka kama kalamu, kabichi, njegere na sukuma zinavumilia baridi. Na usilime ekari zote kwa pamoja, ukitoa vichaka vyote upepo utakuhamishia shamba kwa jirani, acha mistari ya vichaka vizuie. Mbolea weka karibu na mzizi, huo udongo hauna naitrojeni, hauna fosforasi, na salfa wengi wanaisahau.

Lingine, kisima cha nyumbani huko Oregon unaruhusiwa nusu ekari tu ya bustani isiyo ya biashara. Ukitaka kuuza, haki ya maji ni kitu kingine kabisa, usije ukaletewa barua.

Kamwene77
Sasa kama mahindi hayaoti, maji ya kuhesabiwa, baridi Julai, hao wazungu wanaishi vipi huko?

BwanaUdongo
Alfalfa, majani ya ng'ombe tunayoita lusini. Wanamwagilia kwa yale mabomba marefu yanayozunguka kwenye magurudumu, ukitazama kwa ndege ni mviringo ya kijani katikati ya jangwa. Baridi ikiipiga inachipua tena. Ila kabla ya visima vya umeme walijaribu ngano, miaka ya 1910 hivi walijaa walowezi wamepewa ardhi na serikali, ukame na sakitu zikawaondoa karibu wote ndani ya miaka michache.

Na ukitaka kuona huo udongo unavyoweza kazi nenda Lost Forest, mashariki ya Christmas Valley. Msitu wa misonobari ya ponderosa peke yake katikati ya vilima vya mchanga wa majivu, mvua ya pale haiitoshi kabisa ukifuata vitabu. Mchanga unanyonya theluji yote, chini kuna tabaka la ziwa haliruhusu maji kupotea, mizizi inayafuata hukohuko. Juu vumbi, chini maji.

MtotoWaTukuyu
Mrejesho wakuu. Nimechimba mashimo matatu. Kwenye grizwudi sikufika mbali, sentimita 40 sururu ikadunda mpaka mkono ukafa ganzi, siki ikatoa povu kama soda. Kwenye sejibrashi ndefu nyuma ya kibanda nimeshuka hadi kiunoni, na jamani vumbi lilikuwa kidole kimoja tu! Chini yake udongo una unyevu, ukiufinyanga unashika, na sijamwagilia hapo hata siku moja. Kumbe shamba nililiweka sehemu mbaya kwa sababu palikuwa tambarare na vichaka vifupi rahisi kung'oa.

Saumu nimeagiza kilo 5. Halafu kwenye tabaka jeupe nimeokota kitu, ni konokono, kagamba kadogo kama ukucha wa mtoto, kazima kabisa. Konokono wa majini, jangwani.

Wa_Gilgil
Weka picha buda.