Bizinesi klasi ya safari fupi za Ulaya ni ikonomi yenye pazia, acheni kutupiga

Wakuu, huu wizi wa mchana mpaka lini? London kwenda Paris, Amsterdam kwenda Copenhagen, safari ambayo rubani akimaliza kupanda anaanza kushuka, kwa bizinesi unaombwa nauli mara mbili au tatu ya ikonomi, daraja la kawaida. Unaingia ndani, siti ni ileile! Ndege ya Airbus A320, tatu kushoto, tatu kulia, upana kama sentimita 45, kutoka siti yako hadi ya mbele yako kama sentimita 76. British Airways, Lufthansa, Air France na wenzao wanaiacha tu siti ya kati bila mtu, basi. Magoti hayana habari kwamba umelipia.

Na pazia linalotenga bizinesi na ikonomi linahamishika. Asubuhi zimeuzwa tiketi 12 za mbele, linakaa nyuma ya safu ya 3. Jioni zimeuzwa 32, linasogezwa hadi safu ya 8, hakuna fundi anayegusa siti hata moja. Ndiyo maana hawafungi siti kubwa, kwa sababu siku isipopata wateja huwezi kuigeuza ikonomi. Kibiashara wana akili, sikatai. Lakini mtu ametoka Dar au Nairobi kwenye siti inayolazwa ikawa kitanda, anabadili ndege Ulaya, tiketi bado inasema bizinesi, anakuta hiki kituko. Si lazima akadhani wamemkosea siti?

Shirika la Turkish Airlines wao wamefunga siti pana mbilimbili mbele katika ndege zao nyingi ndogo. Si zote, kwa hiyo fungua ramani ya siti kabla ya kulipa. Ukiona siti tatu kila upande na ya kati imezibwa, ni ikonomi hiyo.

Kodi nayo inauma. Ufaransa, tangu Machi 2025, anayeruka ndani ya Ulaya kwa ikonomi anatozwa euro 7.40, wa bizinesi euro 30. Uingereza nayo inamtoza wa mbele zaidi ya mara mbili ya wa nyuma. Unakatwa kodi ya tajiri na magoti yamebana vilevile.

Kuingia wa kwanza ndiyo kichekesho kabisa. Ndege ikiegeshwa mbali na jengo, unaingia wa kwanza kwenye basi, unasimama hadi lijae, na aliyechelewa ndiye yuko mlangoni anashuka kabla yako. Safu ya 1 nayo wanaigombania bure, maana hakuna siti mbele ya kusukumia mkoba chini, lazima uuweke kwenye kabati la juu, na mara nyingi huko juu wahudumu wameshaweka vifaa vyao. Chakula kipo, ila safari ya chini ya saa nzima unakila ukiwa unaangaliwa trei irudishwe.

Kabla hujalipa, piga hesabu hii. Chukua nauli ya ikonomi ya ndege hiyohiyo, ongeza begi la kupakia, siti ya mlango wa dharura (hapo miguu inapata nafasi kuliko mbele kote), na kiingilio cha launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani), ambacho mara nyingi ni euro 30 hadi 50. Toa jumla hiyo kwenye nauli ya bizinesi. Kinachobaki ndicho unachonunulia siti tupu ya kati na foleni fupi ya ukaguzi. Kwa saa moja, hapana. Kwa London–Athens, karibu saa nne, na una mabegi mawili ya kilo 32, sawa, hapo naelewa.

La mwisho, maana hapa wanawaibia wengi. Ukilipia mbele wakakurudisha nyuma ya pazia, usikubali "tofauti ya nauli". Wanailinganisha na ikonomi ya dakika ya mwisho, ambayo inaweza kuwa ghali kuliko tiketi yako, unaambiwa hudai kitu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004, kifungu cha 10, inasema urudishiwe asilimia 30 ya bei ya tiketi kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, na asilimia 50 ikizidi hapo ndani ya Umoja, ndani ya siku 7. Kama tiketi ina vipande kadhaa, asilimia inahesabiwa kwenye kipande ulichoshushwa. Tunza kipande cha kadi ya kupandia chenye siti ya zamani na ile mpya, andika barua pepe, taja kifungu, taja asilimia. Vocha kataa.