Nyumba ya mawe na chokaa Tanga: ninunue vifaa gani kwanza, na nivitunzeje visishike kutu?

KibarazaTanga:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa vifaa vya kazi ndogondogo za nyumbani. Nyumba iko Tanga mjini, upande wa baharini. Vyumba vya mbele ni vya zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Vya nyuma vimeongezwa kwa bloku. Kazi zilizopo ni rafu tatu za jikoni, kabati moja la ukutani, milango miwili inayokwama kila masika, na koki ya sinki inayovuja. Nichukue drili ya waya au ya betri? Yale maboksi ya plastiki yenye vipande mia na zaidi yanafaa? Na utunzaji je, maana huku chuma hakichelewi kubadilika rangi.

FundiPongwe:
Mkuu, ukuta ndio unaochagua drili. Kwa bloku na kazi ulizotaja, drili ya waya ya wati 600 hadi 800 yenye swichi ya kupiga (ile yenye alama ya nyundo) inatosha. Mashine kubwa ya SDS-plus (drili nzito ya kutoboa zege kwa kupiga) usinunue, kodi siku ukitoboa linta au nguzo ya zege.

Kwenye vyumba vya mbele zima kabisa kupiga. Chokaa ya zamani ni laini na tumbawe lina vitundu vingi. Ukigonga, kingo zinamomonyoka, biti ya milimita 8 inatoa tundu la 11, na fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani) inazunguka humo bila kushika chochote. Anza na biti ya 5, mwendo wa polepole, kisha panua kwa ya 8. Biti iwe ya ukuta, yenye ncha ya kabaidi. Ile ya chuma ukiiingiza kwenye jiwe inakuwa butu hapohapo.

Unapotoboa, soma unga. Mweupe laini kama wa chapati ni chokaa, uko kwenye kiungo au bado kwenye lipu. Wenye punje na rangi ya krimu ni tumbawe. Biti ikizama ghafla umeingia kwenye uwazi: sogea sentimita 5 utoboe upya, usijilazimishe hapo.

Lipu ya chokaa kwenye nyumba hizi mara nyingi ni nene. Fisha ya 8 yenye urefu wa milimita 40 inaweza kuishia karibu yote ndani ya lipu, na rafu itakuja na lipu yake. Chukua fisha ndefu, za milimita 80, ili sehemu inayotanuka ikae ndani ya jiwe. Skrubu ni ya milimita 5. Urefu wake uwe urefu wa fisha, jumlisha unene wa kile unachofunga, ongeza milimita 5. Tundu liwe refu kuliko fisha kwa milimita 10 ili unga uliobaki upate pa kukaa, na bado safisha: puliza, sugua kwa brashi nyembamba, puliza tena. Funga tepu kwenye biti kuonyesha kina.

Kabati usiliningʼinize kwa skrubu mbili. Funga kwanza ubao mmoja mrefu ukutani, skrubu kila sentimita 30, halafu kabati likae juu ya ubao huo. Skrubu moja ikiangukia chokaa dhaifu, nyingine zinabeba.

Matundu uliyokosea kwenye ukuta wa chokaa usizibe kwa saruji. Saruji ni ngumu na inafungia unyevu ndani, chumvi inajikusanya pembeni yake na lipu inaanza kubanduka duara kwa duara. Tumia chokaa moja kwa mchanga tatu. Na popote pale, usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi au soketi, ndiko waya zinakopita.

BiSeremala:
Nakubaliana na fundi kwenye ukuta. Naongezea vifaa vya mkono, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza hela.

Yale maboksi ya vipande mia yaache. Hesabu vilivyomo: biti za bisibisi za saizi zilezile zimerudiwa, soketi za gari usizozihitaji, na koleo jepesi linalopinda. Kwa hela hiyohiyo ingia maduka ya hadiwea Ngamiani uchukue kimoja kimoja: futi ya mita 5, pima maji ya sentimita 60, nyundo ya makucha ya gramu 450 au 500, bisibisi za nyota namba 1 na 2, mbili za bapa, plaizi, spana malaya ya inchi 10, msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, patasi ya milimita 12 na ya 25, randa ndogo, na jiwe la kunolea lenye pande mbili. Jiwe wengi wanalisahau, na patasi isiyonolewa ni hatari kuliko kali, kwa kuwa unaisukuma kwa nguvu na inateleza.

Vijaribu dukani kabla ya kulipa. Pima maji: iweke juu ya kaunta, angalia povu limesimama wapi, kisha igeuze upande wa kulia uwe kushoto, palepale. Povu likisimama mahali tofauti, irudishe. Futi: ndoano ya mwanzo lazima icheze kidogo, kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukivuta kwa nje na ukisukuma kwa ndani. Watu wanaigonga kwa nyundo ikaze wakidhani ni mbovu, na kuanzia hapo kila kipimo cha ndani kinakosea. Bisibisi: ichomeke kwenye skrubu, ikicheza ncha yake ni mbaya au saizi si yake, na hiyo ndiyo inayokula vichwa vya skrubu.

Milango yako: usikimbilie randa. Kwanza kaza skrubu za bawaba, hasa ya juu, kwani mlango ukishuka milimita chache unakwaruza chini au kwenye fremu. Kama bado, paka chaki ukingo wa fremu, funga mlango, ufungue. Chaki itaonyesha panapogusa. Randa hapo tu, kidogokidogo. Mbao huvimba kwa upana na si kwa urefu, kwa hiyo ukiuranda mlango mpaka uteleze vizuri katikati ya masika, kiangazi utaona mwanga pembeni. Acha nafasi kama milimita 2 hivi kwa sasa. Ukimaliza, paka vanishi kingo zote, za juu na za chini pia. Pale kwenye ncha za nyuzi ndipo mbao inapokunywa unyevu kwa wingi, na mafundi wengi wanapaacha wazi kwa kuwa hapaonekani.

MdauRaskazone:
Kuhusu kutu: adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa baharini unaiacha kwenye chuma, na chumvi inavuta maji kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Ukipaka mafuta juu yake umeifungia ndani. Kwa hiyo kila baada ya kazi: futa kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kausha vizuri, ndipo upake mafuta membamba. Jasho la mkono nalo ni chumvi, ukishika bapa la msumeno alama ya kidole inaweza kuota kutu kesho yake.

Mafuta: oili nyembamba ya mashine ni bora. Mafuta ya nazi safi yanafaa kwa patasi na misumeno maana hayagandi kuwa gundi. Ya alizeti usithubutu, yakikutana na hewa yanakuwa kama utomvu. Oili chafu ya injini ina asidi na inadhuru ngozi, acha. WD-40 inasukuma maji na kulegeza nati zilizoganda, lakini sehemu kubwa yake hupepea na utando unaobaki ni mwembamba, hivyo fuatisha oili.

Pa kuweka: si sakafuni, na si moja kwa moja kwenye ukuta wa nje wa mawe, maana ukuta huo wenyewe hutoa unyevu. Funga plaiwudi ya milimita 12 kwenye ukuta wa ndani, na vipande vya mbao vya sentimita 2 nyuma yake ili hewa ipite. Chora umbo la kila kifaa kwa penseli, kisipokuwepo utajua kabla ya kumaliza siku. Vile vyenye makali viweke kwenye boksi linalofunga vizuri, na vifuko vya silika jeli (punje zinazonyonya unyevu). Vifuko hivyo vikilowa vikaushe kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa mbili. Patasi usiziache kwenye ala za ngozi, ngozi hushika unyevu.

KibarazaTanga:
Shukrani sana wakuu. Kuna plaizi na patasi za babu zimeshika kutu nyekundu. Zinafaa kuokolewa? Na koki?

BiSeremala:
Kutu ya juu inatoka. Toa mpini, loweka chuma kwenye siki ya kawaida usiku mmoja, asubuhi sugua kwa brashi ya waya. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, kausha papo hapo juani, paka oili. Ukichelewa hata nusu saa kutu ya manjano inarudi. Chochote chenye kromu au kilichopakwa zinki usikiloweke, siki itakula utando huo. Patasi ikishakuwa na mashimo upande wa bapa karibu na makali, haitanoleka vizuri. Iweke kwa kazi ya kukwangua.

FundiPongwe:
Koki: funga maji kwenye valvu kuu. Ikivuja mdomoni, badilisha washa (kile kipete cha mpira cha ndani) tu. Ikivuja kwenye uzi, ifungue, safisha, zungusha tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzibia uzi) mara 8 hadi 10 kufuata upande wa kukazia, vinginevyo inajifungua unapokaza. Kaza kwa mkono, malizia na spana robo mzunguko. Koki za shaba nyembamba zinapasuka ukizidisha nguvu.

Ukiongeza drili ya betri baadaye, ichukue kwa kukaza skrubu, na betri isiyotumika muda mrefu uiache na nusu chaji, mbali na dirisha la jua.