Hyperion: Aladdin, Frozen au Rogers, lipi linawafaa vijana wa maigizo?

Mwalimu_wa_Jukwaa: Wakuu, salaam. Nina vijana wa maigizo hapa Mombasa, nataka tutazame rekodi ya onyesho moja lililochezwa ukumbi wa Hyperion, ule wa watu kama 2,000 ndani ya bustani ya burudani ya Disney California Adventure kule Anaheim, Marekani. Aladdin lilichezwa 2003 hadi Januari 2016. Frozen, Mei 2016 hadi Machi 2020. Rogers: The Musical lilidumu kiangazi kimoja tu, Juni 30 hadi Agosti 31, 2023. Jioni tuliyo nayo ni moja. Tuchukue lipi?

BintiKilindini: Aladdin, mwalimu, wala usijiulize mara mbili. Tembo anapita katikati ya watazamaji, zulia linaruka juu ya vichwa vyao. Halafu yule Jini! Vichekesho vyake vilibadilishwa kufuata habari za wakati huo, kwa hiyo mchezaji ilimbidi awe macho kila siku.

Pazia_Jekundu: Mimi naipenda Frozen, na aliyeiongoza, Liesl Tommy, ni mzaliwa wa Cape Town, jambo la kuwaambia vijana. Ila imebebwa mno na mitambo: picha kubwa za video, mandhari yanayosogea yenyewe. Kikundi chenye taa mbili kitavunjika moyo. Corona ndiyo iliyoifunga.

Kaka_Mtunzi: Chukueni Rogers. Ilianza kama kionjo tu ndani ya tamthilia ya Hawkeye ya 2021: wahusika wameketi Broadway, mtaa wa maigizo kule New York, wanatazama mchezo kuhusu Captain America, yule shujaa wa filamu za Marvel ambaye jina lake halisi ni Steve Rogers. Kwa ajili ya kionjo hicho Marc Shaiman na Scott Wittman walitunga wimbo mmoja, "Save the City". Baadaye ukajengewa nyimbo nyingine na kisa kizima mbele na nyuma yake. Hapo pana somo la utunzi: una wimbo mmoja mzuri, utaufikiaje?

Na muda ni dakika 30 hivi! Kuanzia Vita vya Pili vya Dunia hadi zama hizi. Wanawake watatu wanasimulia kwa kuimba, kama waitikiaji wa taarabu, na miaka inapita bila kubadilisha jukwaa zima. Vita vimepunguzwa, kilichoachwa ni penzi la Steve na mpenzi wake Peggy. Nakipenda sana kile walichothubutu kukikata.

BintiKilindini: Kaka, asiyezijua filamu za Marvel atapotea. Aladdin hata mtoto anaielewa.

Kaka_Mtunzi: Ni kweli, dada. Waambiwe mapema tu: Steve aligandishwa kwenye barafu miaka mingi, akaamka Peggy amezeeka, na mwisho anarudi miaka ya nyuma kumfuata. Mengine watayaona wenyewe.

Mwalimu_wa_Jukwaa: Nimeafiki. Rogers nzima, tujadili walichokikata, kisha sehemu za Jini peke yake. Mwenye rekodi ya Rogers iliyopigwa kutoka katikati ya ukumbi, sauti safi, aniwekee hapa. Nilizoziona zimepigwa pembeni, wale wasimulizi watatu hawaonekani vizuri.

Pazia_Jekundu: Ninayo moja, mwalimu. Naipandisha usiku huu.