Mwaka wa mtihani: mtoto akose ibada ya Jumapili kwa ajili ya tuisheni?

Mleta Mada
Wapendwa, naleta hoja hii bila kumlenga mtu. Mtihani mkubwa ukikaribia, madarasa ya ziada hupangwa Jumapili asubuhi, saa zilezile za ibada. Wazazi Wakristo tunalipia, wazee wa kanisa wakiwemo. Mtoto anaambiwa, "Mungu anaelewa, mwakani utarudi kwaya." Msimamo wangu ni kwamba asikose. Najua wengi mtanipinga, na ndiyo maana nimeandika.

Kabla hamjanirukia: sipingi shule. Musa alifunzwa hekima yote ya Wamisri. Paulo alisomea miguuni pa Gamalieli. Danieli na wenzake walipangiwa miaka mitatu katika jumba la mfalme wa kipagani, wakasomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo, na mwisho wakaonekana bora mara kumi kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme. Ila tusiruke mstari wa nane wa sura ileile. Mapema kabisa, kabla ya matokeo yoyote, Danieli alishaamua moyoni ni kitu gani hatakigusa. Uamuzi huo hakuujifunzia Babeli. Alitoka nao kwao.

Kinachonikera ni hiki. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hafuatilii sana tunachosema kuhusu Mungu. Anaangalia nyumbani kitu gani huahirishwa na kipi hakiahirishwi. Sala ya jioni huahirishwa kwa sababu ya mazoezi ya hesabu. Mazoezi ya hesabu hayajawahi kuahirishwa kwa sababu ya sala. Akiyaona hayo miaka saba, nane, mahubiri gani tena yatamshawishi kwamba Mungu ni wa kwanza?

Wala si jambo la leo. Augustino wa Hippo, askofu mashuhuri wa kanisa la kale Afrika Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354, anasimulia katika Maungamo yake kuhusu baba yake, Patrisi. Mzee huyo hakuwa tajiri, lakini alijibana kupita uwezo wake ili kijana aende Karthago kusomea ufasaha wa kunena. Watu wakamsifu sana, maana hata wenye mali nyingi kuliko yeye hawakuwafanyia watoto wao hivyo. Augustino anasema baba huyohuyo hakujali mwanawe anakua vipi mbele za Mungu, mradi tu awe msemaji hodari. Na kabla hatujamtupia lawama baba peke yake, tumsome na Monika, mama yake Augustino, ambaye tunamtaja kila mara kama mfano wa mama mwombaji. Mama alimwonya kijana kuhusu uasherati, ndiyo, lakini hakutaka aozwe mapema, kwa kuogopa ndoa itamkwamisha masomoni. Aliamini masomo hayo hayatamzuia kumfikia Mungu, na huenda yakamsaidia. Kijana alifika Karthago akiwa na miaka 17. Akabatizwa Milano mwaka 387, akiwa na miaka 32. Mtaniambia mwisho ulikuwa mwema. Ulikuwa. Hesabuni basi na machozi ya mama yake katikati hapo.

Nawasikiliza.

Ticha wa Hesabu
Ndugu mleta mada, nakuheshimu, ila umeongea kama mtu ambaye mtoto wake ana meza ya kusomea na mzazi wa kumwelekeza. Mimi ndiye nafundisha hayo madarasa ya Jumapili. Wanaokuja kwangu wengi nyumbani hakuna wa kuwasaidia swali hata moja. Jumatatu hadi Ijumaa wako wengi darasani, siwezi kumfikia mmoja mmoja. Jumapili wanakuwa wachache, nakaa na kila mtoto mpaka aone alipokosea.

Tena hiyo shule ya Jumapili mnayoitetea ilianzaje? Mwaka 1780, mjini Gloucester, Uingereza, mwenye gazeti mmoja aitwaye Robert Raikes aliajiri akina mama wawafundishe kusoma watoto maskini waliokuwa wakitumikishwa siku nyingine zote za wiki. Kusoma, ndugu zangu! Wapo waliolalamika kuwa anaivunja siku ya Bwana. Leo anakumbukwa kama baba wa shule za Jumapili. Na Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule, hakuwaambia elimu isubiri.

Wakolosai 3:23, "Na lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana." Kazi ya mtoto ni kusoma. Akiifanya kwa uaminifu, hiyo nayo ni ibada.

Mama Pacha
Mwalimu, umetusomea nusu. Watoto wa Raikes walikuwa wakifundishwa kusoma ili wasome Biblia, na baada ya darasa walipelekwa kanisani. Na hawakuwa na siku nyingine. Wetu wanashinda darasani wiki nzima, na Jumamosi juu. Hapo unafananisha vipi?

Mama Mlezi
Mimi nalea peke yangu. Naomba niseme na nisikatizwe.

Mtoto wa mwenye nafasi akifeli, baba yake anapiga simu mbili, mtoto anapata chuo cha kulipia. Wangu akifeli hakuna mjomba wala shangazi wa kumshika mkono. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mtegemee Mungu, acha tuisheni", namuuliza kwanza yeye anamtegemea Mungu kwa lipi ambalo hana akiba yake.

Lakini sijaacha. Mwanangu namwamsha giza bado, tunawahi misa ya kwanza, tunasali, anatoka hapo moja kwa moja kwa mwalimu na daftari lake. Analalamika usingizi. Namwambia na mimi ninao. Njiani ndipo tunapozungumza, maana wiki nzima hatuonani vizuri. Ananiuliza maswali mengine hata padre sijui angejibu nini. Majuzi aliniuliza kama Mungu anamsaidia mtoto anayesali zaidi au anayesoma zaidi. Nikamwambia mwenye akili anafanya vyote viwili, akacheka, lakini naona jibu halikumtosha.

Msituwekee mambo kama lazima tuchague kimoja.

Mwana wa Mchungaji
Naandika kutoka upande mwingine. Mimi sikuwahi kukosa ibada. Wala mkesha, hata usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho. Nilikwenda kwenye karatasi ya kwanza macho mekundu, baba akasema Bwana atanikumbusha yote. Nilifaulu kwa kubahatisha. Nilipofika chuo, mbali na macho ya nyumbani, Jumapili ya kwanza nililala mpaka mchana. Na iliyofuata.

Baba alikuwa akiniuliza mahubiri yalihusu nini. Ningeweza kumtajia vichwa vitatu vya somo na mistari yake. Hakuwahi kuniuliza kama ninaamini. Sasa mleta mada anadhani nikiwa nimeketi benchini basi nimelelewa. Wakolosai 3 ile ile ya mwalimu, rudini mstari wa 21: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasikate tamaa." Huo sijausikia ukihubiriwa Siku ya Familia.

Karani
Mnabishana kuhusu saa chache za Jumapili. Niwasimulie nilichokiona mimi, ambacho naona ni kizito zaidi.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la mwanangu, mtihani ukiwa umekaribia, ulipita mchango wa "motisha ya wasimamizi". Hakuna aliyeuliza motisha ya nini. Aliyeuanzisha alitanguliza Zaburi ya 23, watu wakajibu "Amina", kisha kila mmoja akaandika jina na kiasi. Kwenye orodha ile niliwatambua mashemasi wawili na mama anayefundisha watoto amri kumi. Niliandika kwamba sitashiriki na kwamba huo ni wizi. Kundi likanyamaza kidogo, halafu mtu akatuma picha ya maua ya "Asubuhi njema", orodha ikaendelea.

Mke wangu alikuwa na swali moja tu: "Kwa hiyo wetu ndiye atakayefanya mtihani peke yake?" Na watoto walikuwa wanajua, msijidanganye. Mwanangu aliniuliza kama tumelipa. Nikamwambia hatujalipa na hatutalipa. Alinuna, akaingia chumbani, baadaye nikamkuta amefungua kitabu.

Mzazi aliyelipa pale, mtoto wake hata akihudhuria ibada zote za mwaka, kashafundishwa. Kwa hiyo swali la mleta mada mimi naliona la pili. La kwanza ni kama tuko tayari mtoto apate alama ndogo zilizo zake.

Kijana wa Zamani
Mmemsahau Eric Liddell, yule mkimbiaji Mkristo wa Uskoti. Olimpiki ya Paris, 1924. Alikataa kukimbia mchujo wa mita 100 kwa kuwa uliangukia Jumapili. Akaingia mita 400, akachukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Anayemheshimu Mungu, Mungu humheshimu. Mjadala ufungwe.

Mwana wa Mchungaji
Kaka, usiufunge bado. Angeshika nafasi ya nne ungemleta hapa? Kila siku tunasimuliwa walioheshimu siku ya Bwana wakashinda. Walioiheshimu wakashindwa hawaalikwi kutoa ushuhuda, nao wapo, na imani yao huenda ndiyo ngumu zaidi. Kama tunamfundisha mtoto aende kanisani ili afaulu, basi hiyo nayo ni tuisheni, tumebadilisha jengo tu.

Halafu Liddell alikuwa mtu mzima wa miaka 22, aliamua mwenyewe. Na wazazi wake walikuwa wamisionari China. Walimwacha shule ya bweni Uingereza akiwa bado mdogo wa miaka sita hivi. Kwa vipimo vya humu ndani wangeitwa wazazi waliotanguliza kazi.

Nesi wa Zamu
Neno fupi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Wanaoletwa kwetu kipindi cha mitihani wanaumwa kichwa, tumbo linauma bila sababu, mwingine anatetemeka mikono. Ukimuuliza amelala saa ngapi, anamtazama mama kwanza ndipo ajibu. Mungu aliweka siku ya kupumzika ndani ya amri kumi, tena akawataja mwana na binti kwa kuwaita. Si mkesha, si tuisheni. Kupumzika. Mbona hilo halina mtetezi humu?

Mleta Mada
Nimewasoma wote.

Mama Mlezi, huna kesi na mimi. Ningeweza kukuweka mbele ya darasa la wazazi uwaeleze njia yako, hasa yale mazungumzo ya njiani. Kumbukumbu la Torati 6:7 linasema hivyo hasa: uyanene uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Timotheo baba yake alikuwa Myunani, imani aliipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Mwana wa Mchungaji, benchi peke yake halilei, nakubaliana nawe. Nikibanwa nichague kati ya ibada ya Jumapili na mzazi anayekaa na mwanawe akamuuliza unaamini nini na kipi kinakutatiza, nitachagua mzazi huyo. Ila nionyesheni wako wangapi. Ninaowajua mimi, yule anayempeleka mtoto tuisheni Jumapili ndiye huyohuyo anayerudi usiku mtoto kalala. Ukimwondolea huyu mtoto na ibada, ni saa ipi katika wiki nzima anasikia jambo lisilohusu alama? Hapo sijajibiwa bado.

Karani, hoja yako inahitaji mjadala wake peke yake, na naomba uuanzishe. Mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia, maana kanisani kwetu huombewa kalamu na vitabu kila mwaka na sijasikia mchungaji akitaja majibu ya kununua.

Mwalimu, ombi moja. Wewe ndiwe unayepanga saa. Ukisogeza darasa hadi mchana, mabishano yote haya yanapungua nusu.

Ticha wa Hesabu
Mchana wanasinzia, na mimi nina familia. Ila nimewasikia. Nitawaambia wazazi tuhamishie Jumamosi asubuhi, Jumapili iwe huru kwa wote.

Msabato
Kwa wote akina nani, mwalimu? Wanangu wawili wako darasani kwako, na Jumapili hawajakosa hata kipindi kimoja.