Napenda vitu vingi, chuo nisome nini?

Swali
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nimemaliza sekondari, matokeo mazuri tu, ila napenda vitu vingi mno. Baiolojia naipenda, kuchora ndo usiseme, daftari zangu zote pembeni zimejaa michoro ya mikono na macho, halafu mwaka jana nikaanza kujifundisha kuandika programu za kompyuta nikanogewa mpaka nakesha. Fomu ya chuo ninayo hapa, chaguo la kwanza nimeandika nikafuta mara tatu, karatasi inakaribia kutoboka. Kila nikichagua kimoja naona kama nazika vingine. Mzee anataka udaktari, mama anasema nifuate moyo, sasa moyo wenyewe ndo huo umegawanyika.

Jibu 1
Mdogo wangu, jiulize kwanza kipi kati ya hivyo huwezi kukifanya bila kupita chuoni. Udaktari ni lazima chuo, wodi na leseni, na nchi nyingi ni miaka 5 au 6 kabla hata hujaanza mafunzo ya vitendo ya baada ya kuhitimu hospitalini. Programu na kuchora wapo wengi wanaopata kazi kwa kuonyesha walichotengeneza. Mlango wenye geti ndo unatakiwa kuufikiria mapema.

Jibu 2
Mkuu hapo juu kasema kweli ila kuna kitu kimebaki. Kupenda somo na kupenda kazi yake ni vitu viwili tofauti kabisa, mimi niliingia kozi ya maabara kwa sababu darasani baiolojia nilikuwa naifurahia sana, kumbe siku nzima ni kushika pipeti unahamisha matone kutoka kichupa hiki kwenda kile, gumba linauma, unaandika namba, kesho tena hivyohivyo. Wenzangu walikuwa na raha zao kweli, mimi nilikuwa nasubiria tu muda wa kuchora grafu za ripoti. Nilihama kozi mwaka wa 2 na mwaka mzima ukapotea. Tafuta mtu wa kila fani, kaa naye kutwa akiwa kazini, na muulize ni sehemu gani inachosha. Ile ambayo uchovu wake unauweza ndo yako.

Jibu 3
Mbona hamumwambii kuhusu kazi za katikati? Kuna watu kazi yao ni kuchora vitabu vya tiba, na kuna bioinformatiki, yaani kuchambua DNA kwa kompyuta, maana jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi kama bilioni 3 na hakuna wa kuzisoma kwa macho. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alitaka kuwa msanii, baba yake akamsukuma kwenye udaktari, mwisho akawa anachora seli za neva anazoziona kwenye darubini na mwaka 1906 akapata tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na mwanasayansi wa Italia, Camillo Golgi. Kuchora hakukuzikwa. Ila hesabu usiiache, na kabla hujajaza uliza kama chuo kinaruhusu kuhama kozi mwaka wa kwanza.

Muulizaji
Asanteni sana jamani. Hilo la uchovu sijawahi kujiuliza, programu ikigoma naweza kutafuta kosa masaa matano na sichoki, ila kukariri majina ya mifupa nilisinzia. Kuna dada anafanya uchambuzi wa data za wagonjwa, kakubali nikakae naye Alhamisi. Chaguo la kwanza nimeliacha wazi hadi nirudi.