Serikali imegoma kunilipa kazi ya ukaguzi wa meli chini ya maji, naombeni ushauri

Mbizi Kavu: Wakuu, nina kampuni ndogo ya uzamiaji. Tulishinda zabuni ya serikali: kukagua matumbo ya meli mbili za doria, kusugua mwani na kubadilisha zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha meli. Kazi imeisha, ripoti nimewasilisha, wiki ya sita sijaona hela. Afisa wa mikataba anadai video ghafi ya meli ya pili. Naweza kulazimisha nilipwe kwanza?

Nahodha Mstaafu: Kwa meli za mizigo, SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, inataka chini pakaguliwe mara mbili ndani ya miaka 5, nafasi isizidi miezi 36. Ukaguzi wa majini ukikubaliwa, meli haipandishwi nchi kavu, kwenye chelezo, zamu hiyo. Sisi tuliwahi kupandisha moja, tukakuta wavu wa samaki umejisokota kwenye shafti, na ripoti ilisema safi! Tangu hapo siamini karatasi.

Binti Gati: Mleta mada, video unayo au huna?

Mbizi Kavu: Ninayo. Ya meli ya kwanza.

Binti Gati: Na ya pili?

Mbizi Kavu: Siku ile maji yalikuwa tope, mzamiaji haoni hata mkono wake. Halafu mkuu wa mitambo akakataa kuzima pampu, na mdomo wa kunyonya maji ukiwa kazini simsogezi mtu pale. Lakini hizi ni meli pacha, kiwanda kimoja, rangi moja. Nikatumia video ya kwanza, nikageuza mpangilio wa vipande. Zinki za usukani tulibadilisha kweli, kwa kupapasa. Za zamani ninazo, zimelika kama sabuni ya juzi.

Mzee wa Busara: Pesa ya umma inaunguza, kijana.

Chapombe wa Bahari: Meli moja imekaguliwa mara mbili, dai bonasi 😂

Fundi Kompresa: Chai hii. Mzamiaji wa hewa ya bomba anaongea na walio juu muda wote, na sauti inaingia humohumo kwenye video. Afisa angeshtuka siku ya kwanza. Huyu anatunga kisa.

Chapombe wa Bahari: Au ndiye afisa mwenyewe, ametega ndoano.

Mbizi Kavu: Sauti niliifuta. Kwenye ripoti nikaandika maikrofoni iliharibika.

Fundi Kompresa: Mh. Hilo mtunzi asingeliwaza.

Binti Gati: Na ubao wenye jina la meli na tarehe, ule anaouonyesha kwenye kamera kabla ya kuanza?

Mbizi Kavu: Nilikata mwanzo.

Binti Gati: Mwandikie afisa leo, kabla hajakuandikia yeye. Sema meli ya pili haikukaguliwa, pampu haikuzimwa, utarudia kwa gharama zako.

Mbizi Kavu: Dada, nikikiri nafungiwa zabuni zote. Na wazamiaji wananidai. Kama hawajagundua wiki sita zote hizi, kwa nini nijichongee?

Nahodha Mstaafu: Ule wavu nao ulikaa miezi.

Mbizi Kavu: Nimeirudia video sasa hivi. Dakika ya 14 mzamiaji mwenza anapita mbele ya kamera. Ubao unaning'inia kiunoni, na jina linasomeka.